Jairo na Miguu ya Cherehani

Jumatatu asubuhi wifi yangu aliniambia kwamba Jumamosi anaondoka, na aliniambia huku akifuta pua ya jairo, kindege chake kidogo cha wazi, kwa fulana ya mume wangu, kama vile habari yenyewe ilikuwa ya kwenda kununua sabuni. Amepata kazi ya kukagua nyaya za umeme kutoka angani, mkoa wa mbali, mwaka mzima, na jairo yake anaondoka nayo.

"Kwa hiyo kama bado unataka kuruka peke yako, una wiki hii," akasema. "Miguu yako ikitulia, nashuka kwenye kiti cha nyuma, nakuachia. Isipotulia, utabaki na picha."

Nilimwambia miguu yangu imetulia kuliko ulimi wake. Ulikuwa uongo, na sote wawili tulijua.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ni ya miguu, ile yenye bamba la chuma chini, na nimeisukuma tangu kabla sijaolewa. Wifi ni mdogo wake mume wangu, mwalimu wa kurusha jairo kwenye uwanja mdogo nje ya mji, na tangu nilipoingia kwao hatujawahi kuambiana neno jema. Yeye husema mishono yangu inapinda. Mimi husema hajaolewa kwa sababu wachumba wote wanaogopa kupanda. Hiyo ndiyo salamu yetu, na atakayetusikia mara ya kwanza anaweza kukimbilia kutuamua.

Nilifika pale uwanjani mara ya kwanza kumpelekea kifuniko cha kiti nilichomshonea. Akaniambia nipande, tukaone kama kinakaa vizuri hewani. Alidhani nitakataa, kwa hiyo nikapanda kumkomoa. Tuliposhuka nilikuwa nimecheka mpaka kwikwi imenishika, na hapo hapo, kabla sijavua kofia, nikamuuliza mtu anajifunza vipi. Tangu siku ile nimekwisha. Nakata suruali ya mteja na akili yangu iko juu ya mabati ya soko.

Watu wakiiona jairo hudhani ni helikopta iliyokonda. Si helikopta. Lile pangaboi kubwa la juu, ambalo wenyewe wanaliita rota, halizungushwi na injini mkiwa hewani. Injini iko nyuma ya mgongo wako, na kazi yake ni kuzungusha propela inayokusukuma mbele, basi. Ukisukumwa mbele, upepo unaingia chini ya rota, unapanda kupitia katikati ya mapanga yake, na huo upepo ndio unaoizungusha. Rota ikizunguka, inakubeba. Nilimweleza mume wangu haya yote mezani, kwa kutumia sahani na kijiko. Mume wangu ni fundi wa mapaa, anatembea juu ya kenchi bila kushika kitu, huku anapiga mluzi.

"Kwa hiyo chenye injini hakikubebi," akasema, "na kinachokubeba hakina injini."

"Ndiyo."

"Na mkakaa, wewe na dada yangu, mkaona hilo ni sawa."

Nikamwambia ndiyo, tumeona ni sawa, na kama hataki, sahani irudi mezani aendelee kula.

Kuirusha kuna adabu zake. Kwanza huwezi kupaa ukiwa umesimama mahali pamoja, na huwezi kuning'inia hewani kutazama nyumba za watu. Lazima uende mbele. Kabla ya kuondoka, mkanda mdogo unaotoka kwenye injini unaipa rota msukumo wa kwanza ukiwa bado chini, halafu unaachiliwa, na kuanzia hapo ni kazi ya upepo. Unavuta fimbo ya kuongozea mpaka tumboni, unaongeza mafuta taratibu, unakimbia kwenye majani. Ukiharakisha kabla rota haijakolea, mapanga yanaanza kupigapiga kwa hasira na unajikuta umelala ubavu. Ukiwa na subira, pua inanyanyuka yenyewe, unabaki umesimamia magurudumu mawili ya nyuma, halafu ardhi inakuacha. Sijui niseme vipi. Inakuacha tu, na tumbo lako linabaki nyuma kidogo kuifuata.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuisukuma fimbo mbele kwa ghafla. Rota inataka iwe imebeba uzito wakati wote. Ukiulegeza uzito huo ghafla, upepo unaiponyoka na hakuna wa kukusaidia. Wifi alinihubiria jambo hili mpaka nikachoka, wakati mimi lilikwisha kuniingia siku ya kwanza, kwa sababu ni mambo ya uzi. Uzi wa cherehani ukilegea, mshono wote umeharibika, na ukiukaza kupita kiasi unakatika. Mkono wangu unajua kukaa katikati.

Hata injini kuzimika hakukunitisha. Siku moja aliizima tukiwa juu kabisa, bila hata kuniaga. Nikasubiri kuanguka. Hatukuanguka. Kelele ya nyuma ilikwisha, nikasikia rota juu ya kichwa, fu, fu, fu, inaendelea na shughuli zake, na jairo ikaanza kushuka kwa mteremko wa upole, upepo ukiingia kutoka chini vilevile. Tulitua kwenye kipande cha majani ambacho mume wangu angekiona kidogo kwa kuegesha pikipiki. Nikamwomba aizime tena. Akasema mimi si mzima.

Tatizo langu lilikuwa miguu. Jairo ina pedali mbili chini, za kugeuza usukani wa mkiani, na ukiwa hewani unazigusa kidogo tu. Lakini mimi nikifurahi, miguu inaanza kushona. Ndivyo nilivyo dukani: kitambaa kikinipendeza, cherehani inakimbia. Sasa nipeleke juu, nioneshe mto unavyong'aa na vijumba vilivyopangana kando yake, na mguu wa kushoto unasukuma, wa kulia unasukuma, wa kushoto unasukuma, na jairo nzima inatikisa mkia mpaka wifi nyuma yangu anataka kutapika.

Hewani ni kichefuchefu tu. Kwenye kutua ndiko kwenye balaa, kwa kuwa gurudumu la mbele limefungwa na pedali zile zile. Likigusa ardhi likiwa limepinda, jairo inapinduka. Na hakuna saa ninayofurahi kama saa ya kutua.

"Wanafunzi wengine hofu ndiyo inawaharibia," wifi akaniambia. "Wewe unaharibiwa na raha. Sijawahi kuona."

Jumanne nilivaa buti za kazi za mume wangu, zile zenye chuma mbele, nikidhani miguu itashindwa kuzibeba. Ilizibeba. Ilishona na buti zake, na zaidi ya hapo mlio ukasikika mpaka chini, kwa maelezo ya Grisi. Grisi ni fundi wa injini wa pale uwanjani, mtu wa maneno machache ambaye shati lake nimekataa kulifua na kulishona kwa pamoja. Jumatano nilipanda peku. Vidole vilipata baridi na vikashona kwa kasi zaidi ili vipate joto. Jioni ile mume wangu alikaa sakafuni akanishika vifundo vya miguu, mimi kwenye kiti nimefumba macho najiambia niko angani, napita juu ya soko, naona mto. Akasema ameshawahi kushika mbuzi mwenye adabu kuliko mimi.

Nilicheka, lakini nilipolala nilikuwa na uchungu. Nilikuwa naitaka safari ile moja ya peke yangu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha kushikika, na kilichonizuia hakikuwa umri, wala woga, wala akili nzito. Kilikuwa furaha yangu mwenyewe.

Alhamisi wifi alikuja dukani na ovaroli ya kupunguza urefu. Akajitupa kwenye kiti cha wateja, akaweka miguu juu ya bunda langu la kitambaa cha pazia bila haya. Nilikuwa nashona huku namsimulia habari ya bwana harusi mmoja aliyeagiza suti, akaja kupimwa siku mbili tofauti, kila siku na mchumba mwingine, kila mmoja akidai kuchagua rangi ya tai.

"Endelea," akasema.

"Basi siku ya kuchukua suti, wote wawili wakafika."

"Hapo hapo. Tazama chini."

Nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa imesimama kimya juu ya bamba.

"Nimekaa hapa nakutazama," akasema wifi. "Ukinyamaza, unashona. Umbea ukikolea, cherehani inasimama. Furaha yako ina mlango mmoja tu, wifi. Ikitokea mdomoni, haishuki miguuni." Akainuka akiwa na sindano zangu tatu zimemnasa kwenye suruali. "Kesho utaongea. Utaongea tangu tunawasha mpaka tunazima, hata kama ni upuuzi, na mimi Mungu anipe moyo."

Ijumaa niliongea. Kofia zetu zina vipaza sauti, kwa hiyo aliye mbele na aliye nyuma wanasikizana bila kubonyeza chochote, na masikini hakuwa na pa kukimbilia. Nilimsimulia mwisho wa ile suti. Nilimsimulia majirani, bei ya vifungo, ndoto niliyoota nina mkia. Tulipaa na kutua, tukapaa na kutua, na miguu yangu ikakaa juu ya pedali ikiwa imestaarabika. Baada ya kutua mara ya mwisho wifi akasema kichwa kinamuuma na kwamba nije asubuhi.

Jumamosi trela lilikuwa limeshafika kuichukua jairo. Mume wangu alisimama mlangoni mwa ofisi ya uwanja, mikono mfukoni, amevaa shati la kutokea. Tulizunguka uwanja mara moja, mimi na wifi, nikiongea. Tukatua. Ndipo nikasikia mkanda wa kiti cha nyuma unafunguliwa, na kiti kikapumua.

"Mzunguko mmoja," akasema, amesimama kando yangu akifunga vizuri ule mkanda usiokuwa na mtu. "Jairo itakuwa nyepesi, itapaa haraka kuliko ulivyozoea. Tua ukiangalia lile ghala la mwisho wa uwanja. Mimi niko na redio ya mkononi pale kwa Grisi, nitakuwa nakwambia la kufanya. Usiache kuongea."

"Na nani?"

"Na kiti," akasema, akaondoka bila kugeuka.

Nikaipa rota msukumo wake. Nikangoja ikolee. Nikaachia, nikavuta fimbo tumboni, nikaongeza mafuta, nikaanza kukiambia kiti kwamba sasa tunakwenda, kiti changu, tunakwenda, na pua ikainuka na ardhi ikaniacha haraka kweli, mapema kabisa, kana kwamba ilikuwa na miadi kwingine.

Nililia na kucheka kwa pamoja. Hakuna kitu mbele yako kwenye jairo, hakuna mlango wala dirisha, ni magoti yako na halafu dunia nzima. Soko lilipita chini ya buti zangu. Niliona bati lililopachikwa na mume wangu mwezi uliopita, linang'aa peke yake kwenye paa kuukuu, na nikakiambia kiti tazama, yule mwanaume anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini, lakini akipiga bati, bati limepigwa. Nikakiambia kwamba niko juu peke yangu, mimi, mama wa watu wazima, na hakuna mteja hata mmoja anayeweza kuniuliza nguo yake iko wapi. Miguu kimya. Nikakisifu kiti kwa usikivu wake, maana wifi mwenyewe hangenyamaza muda wote ule.

Halafu, kwa kuwa kiti hakijibu, nikakiambia mengine, kama vile wifi bado amekaa pale.

Nilisema, "Unajua siku ulipokuja kukaa kwetu na lile begi lako nilimwambia kaka yako huyu atanisumbua. Na kweli umenisumbua. Umenisumbua kila siku ya Mungu. Mimi sikuwa na dada, mwenzangu. Nyumba yetu ilikuwa ya wavulana na kelele zao. Sasa unaondoka, na mwaka mzima nitakuwa nashona mishono iliyonyooka na hakuna hata mmoja atakayeniambia imepinda. Nani atanisumbua? Nilikuwa nakuja huku kujifunza kuruka, ndiyo, lakini nusu ya safari nilikuwa nakuja kukaa mbele yako nisikie unanisema. Sijakwambia. Nikikwambia utavimba kichwa na kofia haitakutosha."

Nikajisikia vizuri zaidi baada ya kusema. Nikageuka kuelekea upande wa kutua, na hapo ndipo nilipotazama chini.

Kando ya njia ya kurukia pana mlingoti wenye mfuko wa kitambaa, unaoonyesha upepo unakotoka. Nilipopaa ulikuwa unaelekea upande mwingine. Sasa ulikuwa umegeuka, umejaa upepo nusu, ncha yake inaning'inia kuelekea ghala. Nikitua nikiangalia ghala, kama nilivyoagizwa, upepo utanisukuma mgongoni, nitafika chini na kasi nisiyoitaka. Nikamuuliza wifi nifanye nini, kwa mazoea, kana kwamba yuko nyuma yangu. Hakujibu. Nikamuuliza tena. Redio kimya. Nikajua ananitega, ndivyo alivyo, anataka aone nitafanya nini, nikamwita jina ambalo sitaliandika.

Basi nikakitazama kitambaa tena. Maisha yangu yote natazama kitambaa kinavyoanguka, najua kizito na chepesi, najua kinapodanganya. Kile hakikuwa kinadanganya. Upepo umegeuka, kwisha habari. Nikapita juu ya uwanja wote bila kushuka, nikaona watu watatu wadogo wananyanyua mikono, nikazunguka nikaja kwa upande wa pili, ghala likiwa mgongoni kwangu na upepo usoni.

Hapo sikuongea tena. Nililegeza vidole kwenye fimbo, mmoja mmoja, kwa maana mkono ulikuwa umekakamaa, na kutua kunataka mkono laini. Nikapunguza mafuta. Majani yakaja. Nikavuta fimbo kidogo, kidogo tena, jairo ikapunguza mwendo mpaka ikawa inaelea tu, halafu magurudumu ya nyuma yakagusa. Miguu yangu ilikuwa imenyooka sawasawa, bila neno, bila kushikwa na mtu. Gurudumu la mbele likashuka likiwa limenyooka. Nilisimama baada ya hatua chache tu. Nikazima injini.

Wifi alikuwa anakuja mbio kwenye majani, na nyuma yake mume wangu na Grisi wakitembea. Rota bado ilikuwa inazunguka. Kanuni ya wifi ambayo hajawahi kuivunja ni kwamba hakuna mtu kusogea wala kushuka mpaka rota isimame, kwa hiyo akafika mpaka ukingoni mwa duara lile na kusimama, akihema. Wale wawili wakabaki mbali.

"Kwa nini hukunijibu?" nikamuuliza kwa sauti.

"Kitufe," akasema.

"Kitufe gani?"

"Cha redio, hapo kwenye fimbo, chini ya kidole gumba. Umekibana tangu ulipoondoka. Ukikibana wewe unasikika, lakini wewe husikii mtu. Nimekupigia kelele kuhusu upepo mpaka koo limekauka."

Nikatazama kile kitufe chekundu. Nikatazama kidole changu, kilikuwa na alama ya duara. Halafu nikamtazama Grisi kule mbali, aliyekuwa anachunguza mawingu kwa makini mno, na mume wangu, aliyekuwa anacheka mpaka ameinama.

"Yote?" nikauliza.

"Yote. Na vikombe vya kabatini."

Nikangoja anitanie. Nilikuwa nimemkabidhi utani wa mwaka mzima, aende nao huko mkoani. Hakunitania.

"Uliponyamaza," akasema, kisha akaanza upya. "Upepo ulipogeuka na sikuweza kukwambia, nilijisemea, maadamu anaongea, miguu imetulia. Nikashikilia maneno yako. Hata yale mabaya. Halafu ukaja kutua ukanyamaza. Redio ikawa huru, ningeweza kukwambia lolote wakati ule, na sikupata la kukwambia. Nimefumba macho, wifi. Mimi, mwalimu. Grisi ndiye aliyeniambia umefika."

Nilitaka ashushe pumzi, nilitaka kumkumbatia, na juu yangu rota ilikuwa inapoa taratibu, inazunguka na kuzunguka kati yetu.

"Mimi pia sikuwahi kuwa na dada," akasema. "Nilikuwa na kaka tu, na unamjua."

Rota ikisimama angekuja karibu, na akija karibu angesema mshono wa ovaroli umepinda, na mambo yangeishia hapo. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye breki ya kuisimamisha rota upesi. Nikauondoa, nikaiacha izunguke.